Kuzunguka kiwanja chini ya wingu

Tarehe 15 Aprili 2002 upepo uligeuka Busan, Korea Kusini. Boeing 767 ya Air China ikaelekezwa kutua kutokea upande wa pili wa njia ya kurukia ndege, ambako haikuweza kuongozwa na mitambo hadi chini. Ilibidi ishuke kwa vyombo, itoke winguni, kisha rubani azunguke kiwanja kwa macho. Alichelewa kukata kona, njia ikampotea kwenye mvua na ukungu, ndege ikagonga mlima. Kati ya watu 166, walikufa 129. Mwaka 2010, ndege ya abiria ya Airblue, safari namba 202, ilizunguka hivyo hivyo Islamabad, Pakistan, ikaangukia vilima vya Margalla. Wote 152 wakafa.

Wanaotaka mbinu hii ya kuzunguka kiwanja ipigwe marufuku huanzia hapo, na siwalaumu. Upepo unaomlazimisha rubani kuzunguka humsukuma kutoka nyuma anapoambaa na njia, kwa hiyo sekunde chache za kusita humpeleka mbali. Akiipita njia wakati wa kujipanga, kishawishi ni kulaza ndege zaidi ili airudie. Mwendo ukiwa mdogo, mabawa huacha kubeba, na futi 600 hazitoshi kuinusuru.

Halafu kuna kimo cha chini kabisa cha kuzungukia, kilichoandikwa kwenye ramani ya rubani. Wengi hukisoma kama ruhusa. Kimo hicho hukukinga na vilima na minara ndani ya duara fulani tu. Kwa ndege za kundi C (makundi hupangwa kwa mwendo wa kukaribia kutua), duara la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lina nusu kipenyo cha takriban maili za baharini 4.2, kanuni za zamani za Marekani zilitoa 1.7. Ndege ni ile ile, kona ni ile ile. Rubani aliyezoea duara pana akipewa ramani ya duara finyu, anaweza kutoka nje ya kinga bila kujua.

Lakini mbadala wake, kutua moja kwa moja na upepo nyuma, nako kuna gharama yake. Ndege inayotua kwa mwendo hewani wa noti 140 (maili za baharini kwa saa) hugusa lami kwa 130 ikipokea noti 10 usoni, na kwa 150 zikiwa mgongoni. Nguvu ya kumezwa na breki huongezeka kwa karibu theluthi moja, na lami yenyewe imelowa. Wanaosema "tua moja kwa moja tu" hulipita hili haraka mno.

Kwangu mimi, mashirika yanayoruhusu kuzunguka pale tu wingu linapokuwa juu ya futi 1,000 na rubani anaona maili 3 yameamua vizuri. Taratibu za kutua kwa kuongozwa na setilaiti zimeshafungua ncha zote mbili za njia kwenye viwanja vingi, hivyo kuzunguka hakuhitajiki. Kinachobaki hasa ni viwanja vya milimani, ambako kuzunguka ni hatari zaidi. Huko, swali la kuulizwa kabla ya kushuka ni hili: njia ikipotea machoni katikati ya kona, nitapandia wapi? Utaratibu unasema ugeuke kuelekea kiwanja huku ukipanda. Asiyejua kiwanja kiko upande gani hana pa kugeukia.