Asilimia 32 Juu ya Punda

Nina kiduka cha kuchapisha na kutoa fotokopi pale Langoni, Lamu, hatua chache kutoka barabara kuu. Mgeni akiiona hiyo barabara kuu hucheka, maana punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mali yangu yote ni kompyuta ya mtumba, printa kongwe inayotoa fotokopi pia, na mpwa wangu aliyemaliza shule mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, ambaye kazi yake ni kunisaidia lakini aghalabu hunisahihisha.

Mwaka 2016 kompyuta ile ilikuwa na Windows 7, na sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi aliuleta mgeni. Kwenye pembe ya chini ya kioo kulikuwa na kidirisha kikinibembeleza tangu mwaka uliotangulia: chukua Windows 10, bure. Nikikifunga leo, kesho kiko palepale, kama muuza samaki anayejua uko ndani hata ukinyamaza. Mwisho wa hiyo bure ulikuwa tarehe 29 Julai, siku ya Ijumaa. Baada ya hapo, ununue.

Mpwa wangu alinishauri vizuri, nisimdhulumu. "Mjomba, Windows 7 itapata viraka vya usalama mpaka Januari 2020. Hakuna moto. Ukitaka kupanda, panda siku huna kazi, nakili faili zako kando, na kwanza tuangalie kama hii printa ina draiva ya Windows 10, ile programu ya kuielewanisha na kompyuta."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia "2020" nikaona ni mbali, na "kwanza" nikaona ni uvivu wa vijana. Neno lililokuwa linanizunguka kichwani ni bure. Nimezaliwa mwambao huu. Kitu cha bure chenye siku ya mwisho hunikosesha usingizi.

Sasa, Julai ile ilikuwa Mfungo Mosi. Anayeijua Lamu hahitaji kuelezwa. Ramadhani ikishatoka, mji mzima unaoana. Alhamisi ile, tarehe 28, alikuja mama wa bibi harusi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akakagua kadi ya mfano niliyomchapishia. Akaipindua, akaisoma mara tatu, akaniambia imekaa sawa, anataka mia na hamsini.

"Kesho saa tatu asubuhi mwanangu, nizigawe kabla ya sala ya Ijumaa."

"Inshallah, mama. Hata saa mbili."

Mtu mwenye akili angechapisha zile kadi palepale, umeme upo na printa ina moto. Mimi nilikaa nikawaza: leo ni Alhamisi, kesho bure inakwisha. Nikipandisha kompyuta usiku huu, itakuwa nyepesi, na kadi mia na hamsini zitatoka kama njugu. Yaani niliamua kubadilisha jahazi tanga katikati ya mkondo wa Mkanda ili nifike haraka.

Baada ya Magharibi nikabonyeza. Faili zenyewe, gigabaiti tatu hivi, zilikuwa zimeshapakuliwa kidogo kidogo na kunimalizia bando wiki nzima bila mimi kujua nani mwizi. Kioo kikawa cheusi, katikati likatokea duara kubwa jembamba na tarakimu ndani: asilimia 1. Chini yake kompyuta ikaahidi kwamba itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Sijapata kuona duara linalokwenda polepole vile. Nikaagiza kahawa chungu, nikawa nanywa na kutazama, nanywa na kutazama, finjani naitua juu ya karatasi iliyokuwa mbele yangu. Likumbukeni hilo la finjani.

Saa tatu kasoro, duara liko asilimia 32, umeme ukapotea mtaa mzima.

Kelele za watoto. Giza. Na chini ya meza, UPS yangu ikaanza: piip. Piip. Piip. Betri ile huniwekea kompyuta dakika kumi, basi.

"Imesema isizimwe!" nilimwambia mpwa wangu, kana kwamba yeye ndiye aliyezima.

Kuna nyumba ya wageni upande wa Mkomani yenye jenereta, na mlinzi wake namjua. Mchana ni mwendo wa dakika saba kwa mtu asiyebeba kitu. Nje ya duka, jirani yangu alikuwa akimfunga punda wake, jina lake Subira, aliyekuwa ametoka kushusha mchanga. Shogi lilikuwa bado mgongoni, tupu. Nikamtazama Subira. Subira akanitazama. Nadhani yeye alielewa kabla yangu.

Tukachomoa kioo ili betri idumu. UPS ikaingia mfuko wa kushoto wa shogi, kompyuta mfuko wa kulia, waya wao ukapita juu ya mgongo wa mnyama kama hatamu. Mizani ilikaa barabara, hata jirani akasifu. Mpwa wangu akajitwika kioo kichwani. Tukaondoka.

"Ndia! Ndia!" napiga kelele mimi mbele. "Piip!" inajibu UPS nyuma. Watu walikuwa barazani wanapunga upepo kwa sababu ya joto la ndani, hivyo sikukosa mashahidi. Mzee mmoja akauliza gizani, "Huyo punda yuwalia kama simu, kameza nini yeo?" Mwingine akamjibu kwamba labda anapigiwa, apokee.

Katikati ya safari ndipo mpwa wangu alipoona inafaa kunielimisha. Alisema, huku akihema chini ya kioo, kwamba ndani ya kompyuta yangu kuna diski yenye sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kuzisomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na mtikisiko ndio adui yake mkubwa.

"Na huyu punda anatembeaje?" niliuliza.

"Anatikisika, Mjomba."

Nikamsihi Subira atembee kama bibi harusi. Akaenda kama bibi harusi kweli: akasimama. Betri nayo ikabadilisha sauti, ile piip ya mbalimbali ikawa mfululizo, piipiipiip, na Subira, ambaye mpaka hapo alivumilia mengi, akatoka mbio. Namshukuru Mungu alikimbilia upande uleule tuliokuwa tunakwenda. Tulimkuta kasimama mlangoni pa nyumba ya wageni, wazungu wawili wanampiga picha, na taa ya kompyuta bado inawaka kiunoni mwake.

Tukachomeka. Tukaunga kioo. Duara likarudi: asilimia 33. Tumekata nusu ya mji kwa asilimia moja.

Saa sita usiku ikamaliza. Windows 10 ikafunguka, samawati, inameremeta, inanikaribisha. Nikamkumbatia mlinzi. Mpwa wangu akapiga miayo, akasema, "Unajua, hata ingezimika katikati, mara nyingi hujirudisha yenyewe kwenye ile ya zamani." Sikumjibu. Mtu mzima huhifadhi baadhi ya maneno yake.

Asubuhi umeme umerudi, tuko dukani, faili la kadi liko salama, nikabonyeza chapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Kompyuta ikaitazama printa kama mgeni aliyeingia harusi isiyo yake. Draiva hakuna, waliotengeneza printa ile hawakuiandikia ya Windows 10. Kurudi Windows 7 kunawezekana ndani ya mwezi mmoja, na ile haki ya bure haipotei, lakini kurudi nako ni masaa, na saa ilikuwa mbili na nusu. Mwenzangu mwenye duka jingine la kuchapisha alikuwa Pate, harusini. Mfungo Mosi!

Kilichobaki ni fotokopi, ambayo haihitaji kompyuta. Na karatasi pekee iliyokwisha kuchapishwa ni ile kadi ya mfano. Nikaitafuta, nikaikuta mezani nilipoiacha. Juu yake, duara la kahawa, kamili, limewazunguka majina ya bwana na bibi harusi.

Nilijaribu kufuta, likazidi kuenea. Saa tatu kamili alipoingia mama, kadi mia na hamsini zilikuwa tayari, na zote zina duara.

Akaichukua ya juu. Akaisogeza mwangani. Mimi nilikuwa nahesabu hatua za kufika mlango wa nyuma.

"Umewatia ndani ya pete," alisema, na macho yakamlengalenga. "Na hukuniambia!"

Akaongeza shilingi mia mbili.

Jumatatu, Windows 7 imesharudi mahali pake, akaja mama mwingine kutoka Mkomani, ana harusi wiki ile. Alitaka za pete, kama zile. Nikamkaribisha kiti, nikamtuma mpwa wangu akanunue kahawa.