Sondu si chuki ya jadi

Kuna mwandishi anayesema eti Wajaluo na Wakipsigis wa Sondu, soko lililo mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho hapa Kenya, wanapigana kwa sababu ya uhasama wa jadi. Hapo amepotea. Nimeuza omena soko hilo miaka kumi na moja, na viazi vyangu hununua kwa mama wa upande wa Kericho ambaye tuko naye chama kimoja. Zamu yake ikifika tunamchangia bila kuuliza ukoo. Shida huanza ng'ombe akiibwa. Mwizi akiwa wa kwenu, ana jina na ana baba yake, anapelekwa kwa chifu. Akiwa wa ng'ambo ya barabara, jina linapotea, anakuwa "wale", na "wale" ndio wanaochomewa nyumba hata kama mwizi mwenyewe ameshalala kwake. Fujo za 2023 nilifunga meza, na wa kwanza kunipigia simu kuuliza kama watoto wako salama alikuwa huyo huyo mama wa viazi. Mwaka 1954 kule Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aligawanya wavulana 22 waliofanana kila kitu makundi mawili. Mashindano ya zawadi tu yakatosha kuwakosanisha, mpaka walipopewa shida za kutatua pamoja, kama maji ya kambi yalipokatika, ndipo wakaanza kupatana. Walikuwa na jadi gani hao? Sisi zawadi yetu ni ushuru wa soko, kaunti zote mbili zinautaka. Wenzangu wa mpaka wa Muhoroni, kwenu nani hufaidika soko likifungwa?