Antena ya Elfu Sabini na Tano

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nimefundisha mada ya mawimbi kwa miaka kumi na tisa hapa Mbeya. Nalitaja jambo hilo mapema kwa sababu mke wangu hulitaja kila kisa hiki kinaposimuliwa, na ni heri lisikike kwanza kutoka kwangu.

Kisa chenyewe kilianza na hesabu. Nilikuwa nikilipia kifurushi cha dishi shilingi 12,000 kila mwezi, na kila kilipokwisha kabla ya mshahara, televisheni yetu pale Uyole ilibaki kuwa kioo cha kujitazamia. Shemeji yangu alikuwa na king'amuzi cha antena ambacho hakukihitaji tena, akanipa bure, akinihakikishia kwamba baadhi ya chaneli zake hubaki hata usipolipa senti. Nikafungua daftari na kuandika: antena 35,000, kebo mita 25 kwa 1,000 kila mita, ufundi 15,000, jumla 75,000. Kwa vifurushi vya miezi sita na siku chache fedha hiyo ingekuwa imerudi mfukoni. Nilimwonyesha mke wangu ukurasa huo kwa fahari ambayo leo inanitia haya, naye akauliza swali moja tu: "Na mlingoti je?"

Bomba la chuma la mita sita, ambalo mwenye duka kule Mwanjelwa aliniambia ndilo linalofaa, lilikuwa na bei ya kumfanya mtu aage kwa adabu na kuondoka. Kwa bahati mama mkwe alikuwa anakuja kututembelea kutoka Tukuyu, ambako mwanzi si kitu cha kununua, akaahidi kuja na mmoja. Alikuja nao kweli, ukiwa umefungwa juu ya keria ya basi dogo, na konda akanidai 6,000 za mwanzi huo, kiasi kilichozidi nauli ya mama mwenyewe, kwa hoja kwamba abiria hukunja miguu lakini mwanzi haukunji. Jirani yangu, mwenyeji wa Iringa, alitutazama tukiuburuta hadi uani, kisha akasema kwamba kwa jinsi anavyoijua mianzi yeye, huo ungetoa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, kabla ya kutoa picha.

Fundi alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa na spana moja, koleo na ndala. Alikuwa ameanza na 25,000, nikamshusha hadi 15,000 baada ya kumweleza kwa kirefu hali ya walimu, maelezo ambayo aliyapokea kama mtu aliyekwisha kuyasikia kwa walimu wengine. Nilipomuuliza angejuaje upande wa kuielekeza antena, alinyoosha kidole kwenye mapaa ya majirani. "Si unaziona zile tatu, Mwalimu? Zote zinatazama mlima Loleza. Na yetu itatazama huko huko."

Hoja hiyo ilinipendeza kwa sababu ilifanana na ushahidi. Ilinichukua siku nyingine nzima kutambua kwamba nyumba zote tatu zina madishi, kwamba antena zile zilipandishwa enzi za analojia, mitambo iliyozimwa huku kwetu mwaka 2013, na kwamba mojawapo imebaki juu kwa sababu mwenye nyumba amefungia hapo kamba ya kuanikia nguo. Tangu wakati huo hazikuwa zikitazama kitu chochote. Zilikuwa zimegeuzwa tu na upepo wa Julai, ambao Uyole hauna simile.

Kazi ya kutafuta mawimbi ilihitaji watu wanne. Fundi alikuwa juu ya bati akiuzungusha mwanzi, mwanangu wa kiume alisimama nje chini ya dirisha, mke wangu alikuwa ndani mbele ya televisheni, nami nilizunguka nikitoa ushauri. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa, kitenge magotini, akisubiri kipindi cha kwaya, kwa maana yeye ni mwimbaji wa siku nyingi katika usharika wao wa Moravian na hukosoa sauti ya tatu ya kwaya yoyote ile.

Zamani, antena ikikosea kidogo uliona chenga, ukaisogeza huku chenga zikipungua mbele ya macho yako. Dijitali haina huruma hiyo. Ama picha ipo, safi kabisa, ama inakatika vipande vipande na kuganda, kisha yanatokea maandishi ya kukuarifu kwamba hakuna mawimbi. Tulifungua ule ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili: nguvu ilisoma 71, ubora ukasoma sifuri. Nilimweleza mama mkwe kwamba ni sawa na kumsikia mtu akizungumza kwa sauti kubwa katika lugha usiyoielewa. Akasema anawafahamu watu wa namna hiyo.

Halafu lilikuwapo tatizo la kuchelewa. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kuyashika mawimbi, mke wangu akachukua moja ya kushangaa, mwanangu akachukua mbili za kupokea habari na kuipaza, hivyo neno "Imekuja!" lilipofika juu ya bati, fundi alikuwa amekwisha kuipita sehemu yenyewe zamani. Alirudisha, akapitiliza upande wa pili, tukapiga kelele upya. Hali hiyo iliendelea kwa saa moja na nusu, na majirani wakatoa viti nje.

Hapo ndipo elimu ilipoingilia kati. Nilisimama uani nikamweleza fundi kwamba mawimbi ya megahezi 500 yana urefu wa sentimita 60, kwamba kwa hiyo kile kijiti cha kupokelea huwa karibu sentimita 30, kwamba vijiti vifupi ndivyo vinavyotakiwa kutangulia kuelekea mnara, na kwamba antena husogezwa kidogo, ikasubiriwa sekunde kumi, ndipo ikasogezwa tena. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa heshima zote, "Basi panda, Mwalimu."

Nilipanda. Alinionya jambo moja tu: "Kanyaga kwenye mstari wa misumari, hapo chini ndipo penye mbao." Hatua nne za kwanza nilikanyaga misumari kama mwanafunzi mtiifu. Hatua ya tano nilikuwa nikiitazama antena. Bati, ambalo pale lilikuwa limeliwa na kutu bila kutuarifu, lilifunguka, nami nikateremka kwa mguu wa kulia, nikaipita dari ya jipsamu bila kuhisi tofauti, hadi paja liliponikwamisha. Mkononi nilikuwa nimeung'ang'ania mwanzi, nao ukazunguka pamoja nami.

Msomaji na aelewe kwamba tangu nioe sijawahi kukaa kochi moja na mama mkwe, na sijawahi kupita mbele yake nikiwa nimevaa kaptula. Sasa mguu wangu, uliovuliwa kiatu na dari na kuchaniwa suruali hadi juu ya goti, ulikuwa ukining'inia kiasi cha mita moja juu ya kitambaa chake cha kichwa, vumbi jeupe likimdondokea kwenye kitenge. Kwa muda kidogo hapakusikika sauti yoyote. Kisha, kutoka chini, ikapanda sauti nzuri ya kwaya, zote nne.

"Hapo hapo!" akapiga kelele mke wangu.

"Usisogee, Baba!" akapokea mwanangu.

"Mwalimu, usiuachie huo mwanzi!" akasema fundi, ambaye hata mkono hakunipa.

Nilisema kwamba nimeumia. Kukawa na majadiliano mafupi huko ndani, kisha nikaisikia sauti ya mama mkwe, yenye upole wa mtu anayeomba jambo dogo: "Baba, vumilia kidogo tu, wamalize ubeti huu."

Ulikuwa wimbo wa beti tano.

Waliponitoa, antena ilikuwa ikiutazama mparachichi wa jirani, upande ambao hakuna mnara wowote unaoonekana kwa macho. Nilianza kueleza kwamba mawimbi yanaweza kugonga mlima na kurudi, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Fundi aliukaza mwanzi pale pale, akashuka, akadai 10,000 za ziada kwa ajili ya kupata uelekeo. Nilimwambia uelekeo nimeupata mimi. Akajibu kwamba niliupata chini ya usimamizi wake. Tulimalizana kwa 5,000.

Bati jipya lilikuwa 27,000, ubao wa jipsamu 18,000, seremala wa kuuweka 20,000, na zahanati, pamoja na sindano ya pepopunda, 12,000. Mke wangu ndiye aliyejumlisha, kwa kalamu nyekundu, katika ukurasa ule ule wa daftari: 163,000, yaani vifurushi vya miezi 13 na ushee. Suruali hakuiandika, ingawa ilikuwa ya suti ya harusi yetu.

Picha ni nzuri, hilo lazima nikiri. Mama mkwe alipokuja tena mwezi wa Desemba, aliingia, akatusalimu, akainua macho kwenye kile kiraka kilicho cheupe kuliko dari nyingine yote, kisha akachukua kigoda jikoni na kwenda kuketi karibu na mlango.