Wanatujengea, wa kutunza nani?

Juzi barazani kijana mmoja kasema misaada yote ya nje ni utumwa mtupu, bora tuikatae. Sikumjibu pale, wazee walikuwa wanazungumza, lakini neno limenikaa rohoni ndo naandika.

Mwanangu, wewe huyakumbuki majenereta ya Wesha. Kabla ya 2010 Pemba nzima tulikuwa tunategemea mashine za dizeli, mafuta yakikosekana giza, mashine ikifa giza, mpaka Norway walipotusaidia tukaletewa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Muulize muuza samaki yoyote wa Chake enzi zile barafu alikuwa anaipata vipi.

Masharti yapo, sikatai. 2016 Wamarekani kupitia MCC, shirika la misaada la serikali yao, waliusitisha mpango wa dola milioni 472 kwa Tanzania, na sababu mojawapo ni ule uchaguzi wetu wa marudio wa Zanzibar. Limeniuma na linaniuma mpaka leo. Mikopo nayo ina mambo yake, hiyo siku nyengine.

Lakini kinachonikera khasa ni sie tunaopokea. Waya wa Unguja ulilazwa 1980. Watu wakaongezeka, mahoteli yakajaa pwani yote, waya ni ule ule. 2008 umeme wa kutoka bara ukakatika, Unguja ikakaa giza karibu mwezi mzima. Tukaonywa jamani! Disemba 2009 ukakatika tena na safari hii mpaka Machi 2010, miezi mitatu, pampu hazivuti maji, kina mama na ndoo vichwani, mafriza hayana kazi, mwenye jenereta ndo mwenye biashara. Waya mpya wa megawati 100 ukaja 2013, na pesa zikatoka MCC hao hao. Miaka karibu 30 tunauza umeme wa waya ule, tulishindwa kweli kuweka akiba ya kuubadilisha?

Barabara za vijijini kaskazini Pemba nazo MCC walitujengea. Mtaro ukiziba masika moja tu, maji yanapita juu na lami inaanza kuliwa pembeni. Kuzibua mtaro wallahi hatuhitaji mfadhili, majembe tunayo na vijana tunao, walipwe tu.

Mie nataka siku ya kukabidhiwa mradi waziri asome hadharani, matengenezo kwa mwaka shilingi ngapi, zinatoka fungu gani na nani msimamizi. Na Wawakilishi wetu waliulize hilo kabla hawajapiga makofi, na mwaka wa pili waulize tena zilitumika wapi.