Mie Si Roboti, Wallahi

Nimezaliwa Wete, kisiwani Pemba, nimekulia Wete, na nywele zimenitoka kichwani nikiwa Wete. Miaka 57. Nikipita njia ya sokoni hata mbuzi wanajua mie mtoto wa nani. Sasa juzi nimekaa mbele ya kompyuta najaza fomu, nimefika chini kabisa, jasho linanitiririka, mashine ikaniambia nithibitishe kwamba mie si roboti.

Nikageuka nyuma. Nilidhani inamwambia mwengine.

Ikaniwekea vipicha tisa, ati nichague vyote vyenye taa za kusimamishia gari. Nawaulizeni: mtu wa kwetu, ambako gari husimamishwa na ng'ombe aliyelala njiani, atazijulia wapi taa hizo? Nikabonyeza nguzo ya umeme, nikakosa. Ikaleta vyengine, mabomba ya zimamoto ya nchi za watu. Nikabonyeza kidude kifupi chekundu, mfano wa birika la kahawa lililokatika mkono. Nikapata! Mara ya kwanza kupata kitu kwenye mashine ile, na mpaka leo bomba lenyewe sijaliona kwa macho.

Nilipomlalamikia mwalimu wangu wa kompyuta akacheka. Akanambia zamani mambo yalikuwa maneno yaliyopindapinda, unayasoma kisha unayaandika, na mengi yalitoka kwenye vitabu vya kale ambavyo kompyuta zenyewe zimeshindwa kuvisoma. Watu mamilioni wakazisomea bure, kila mmoja akidhani anathibitisha utu wake tu. Mie ni fundi charahani. Nikikupindia suruali unanilipa, hata kama ni mwezi ujao. Hii nimeifanyia kibarua papo hapo, na bado inanishuku!

Balaa lote hili limeletwa na sanduku.

Tuna kikundi cha hisa, watu 28, tunakutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Sanduku la bati, kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wasiopatana, ndiyo usalama wenyewe. Hisa moja shilingi elfu kumi. Mie ndiye katibu. Miaka tisa naandika kwenye kaunta buku: kalamu ya buluu aliyeweka, nyekundu aliyekopa, na aliyekimbia nampigia mstari. Haikupotea hata shilingi moja. Kisha mwanangu aliyeko Unguja akaniletea laptopu kuukuu kwa meli, ikashushwa Mkoani imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Wanakikundi wakaiona. Basi tena. "Katibu, na sisi tuingie kwenye digitali."

Aliyelianzisha neno hilo ni Bibi wa Mikate, yule anayeuza mikate ya kumimina pale njia panda. Wenzake wanaweka hisa mbili, hisa tatu. Yeye, kwa kumhurumia, tulimruhusu aweke nusu. Mkumbukeni bibi huyu.

Nikaandikishwa darasa la jioni. Mwalimu ni binti wa mtaani kwetu. Sare za skuli nimemshonea mie tangu darasa la kwanza, na ya darasa la nne mamake hajaimaliza kulipa. Leo nanyoosha mkono nimuulize swali. "Ami," ananambia, "shika maus taratibu, usiinyonge." Ati tafsiri yake ni panya. Aliyeibuni ni Mmarekani, Douglas Engelbart, katika miaka ya 1960, na ya mwanzo kabisa ilikuwa ya mbao. Mbao! Hiyo ningeielewa. Hizi za sasa nikizigusa tu kimshale kinakimbilia pembeni kama mdaiwa. Na mie kazi yangu miaka yote ni charahani ya kukanyaga. Kila nikishika maus, mguu chini ya meza unakanyaga wenyewe. Kijana anayekaa mbele yangu kesha hamia kiti chengine.

Kibodi nayo, nilipoiona mara ya kwanza nikajua imeharibika. Q juu kabisa, A chini yake, na B imetupwa huko mbali kama si jirani ya A tangu tulipofundishwa. Kumbe mpangilio ule umetoka kwenye mashine za taipu za Marekani za miaka ya 1870. Taipu zenyewe zimekufa, mpangilio umebaki, unarithiwa tu kama kesi ya shamba la mikarafuu.

Lakini somo lililoniharibia usingizi ni la tatu. Mwalimu akasema kompyuta haijui A wala B, haijui Jumamosi wala shilingi. Inajua mambo mawili tu: umeme upo, umeme haupo. Moja na sifuri.

"Basi hiyo imezaliwa Pemba," nikamwambia.

Akaniuliza, "Ami, bao unacheza?" Swali gani hilo la kumuuliza mwanamme wa Wete! Akasema: bao lina safu nne, kila safu mashimo manane. Chukua safu moja. Shimo lenye kete ni moja, lisilo na kete ni sifuri. Ukiweka huku ukaacha kule, safu ile moja inakupa mipangilio 256, inatosha herufi kubwa na ndogo, tarakimu, mpaka nukta na mkwaju, kile kimstari kilicholala (/). Safu hiyo ndiyo baiti. Baiti moja, herufi moja. Akaniandikia kwenye karatasi kila herufi na mpangilio wake.

Jioni nikaenda nayo barazani. Safu nne ni herufi nne, kwa hiyo ubao mzima unaandika neno moja fupi. Tukabishana neno gani, mwisho tukakubaliana "deni", maana hilo halimpiti mtu. Kwa herufi ndogo, d inataka kete tatu, e nne, n tano, i nne. Kete 16. Watu wazima sita tumesimamisha mchezo, kahawa inapoa, tumeinama tunautazama ubao umesema deni. Akapita mwenye duka, akachungulia, akaelezwa. "Langu nimeliandika kwa kalamu," akasema, "na mnalijua."

Kuna kidude cha kuhifadhia mambo ya kompyuta, flashi, mwalimu amekining'iniza kwenye funguo zake, hakifiki kidole gumba, cha GB 32, yaani baiti bilioni 32. Kinabeba herufi bilioni 32. Nikagawa kwa nne: mabao bilioni nane. Yaani karibu kila binadamu aliye hai duniani na ubao wake, wote wamekaa wanacheza, hakuna wa kupika.

Nimerudi nyumbani na elimu hiyo nataka kumtambia mama watoto. Yeye ameshika kofia ya viua, anashona vile vitobo vidogo vidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, hajainua uso. "Pana kitobo, hapana kitobo," akasema. "Ndicho unachokwenda kulipia?"

Kesho yake nikampelekea mwalimu, nikijua atanitetea. Hakunitetea. Akasema mama kapatia. Mwaka 1804 Mfaransa mmoja, Joseph Marie Jacquard, aliunda mtambo wa kufumia vitambaa unaoongozwa na kadi zilizotobolewa: penye kitobo uzi unanyanyuka, pasipo kitobo unabaki chini, na ua linajitokeza lenyewe. Mwingereza Charles Babbage akaiazima fikra ya kadi zile kwa mashine yake ya hesabu, na huko ndiko kompyuta inakohesabia ukoo. Babbage alikufa hajaimaliza mashine. Hapo nikampenda, kwa sababu na mie nina suti ya bwana harusi tangu mwaka juzi, na bwana harusi kesha pata watoto wawili. Lakini kosa kubwa nilifanya: habari ya Jacquard niliipeleka nyumbani. Sasa mama watoto akiulizwa kazi yake anasema yeye ni mtu wa kompyuta.

Ya nywila sitaki kuyarefusha. Mashine ilitaka neno la siri, nikaandika jina la mama watoto, nikidhani nafanya mapenzi. Ikajibu: dhaifu. Naye amesimama nyuma yangu! "Nani dhaifu?" Nikaongeza herufi kubwa, nikaongeza tarakimu, nikaongeza alama ya mshangao, ikakubali. Sasa likawa gumu hata kwangu, nikaliandika kwa chaki ukutani nyuma ya charahani. Wateja wote wanalijua. Kufuli tatu za sanduku hazijawahi kunitenda hivyo.

Na umeme. Mwalimu alieleza vizuri, sina la kumlaumu: kompyuta ina kumbukumbu mbili, moja kama baraza na moja kama stoo. Ya barazani ni ya haraka, kila unachokifanya kipo hapo kinazungumzwa, lakini umeme ukikatika baraza linavunjika na hakuna aliyesikia kitu. Ukitaka neno likae lipeleke stoo, ndiyo maana ya kuhifadhi. Sawa. Betri ya laptopu yangu ilishakufa Unguja. Nimeandika majina ya watu 28, hisa zao, mikopo yao, nimefika wa 27, nikasema nimalize huyu mmoja ndiyo nihifadhi. Pap! Giza. Nilikaa pale kizani mguu unakanyaga.

Nikaanza upya. Safari hii kila jina moja nahifadhi, jina jengine nahifadhi. Kwanza lile jedwali la hesabu la kompyuta likanila sifuri. Naandika namba ya simu ya mtu, 0777 na kuendelea, nikihama tu sifuri ya mbele haipo. Naandika tena, inaila tena. Mashine iliyojengwa kwa sifuri na moja, sifuri yangu inaiona ya kazi gani! Mwalimu akasema inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina uzito. Nikamwambia mtu akipigiwa bila sifuri hiyo hapokei, ndiyo uzito wake.

Ikafika Jumamosi. Wamejaa wote, wengine wamevaa za Ijumaa. Nikafungua, nikaanza kusoma kwa sauti. Fulani hisa tatu, thamani elfu thelathini. Fulani hisa mbili, elfu ishirini. Nikafika kwa Bibi wa Mikate. Nikasoma kilichoandikwa, maana mie katibu kazi yangu kusoma: "Bibi wa Mikate, hisa... tarehe mbili Januari. Thamani shilingi... milioni mia nne na hamsini na sita, laki tano na elfu tisini."

Kimya. Hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza.

Nililofanya ni hili. Kwenye nafasi yake niliandika nusu kama ninavyoiandika tangu skuli: 1, mkwaju, 2. Mashine haikuniuliza kitu, ikaamua hiyo ni tarehe. Na kwa vile laptopu imewekwa kimarekani, ambako mwezi unatangulia siku, ikaifanya Januari 2 ya mwaka huo, 2025. Kumbe ndani kwa ndani tarehe nayo ni namba tu, siku zinahesabiwa moja moja kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na Januari 2, 2025 ni ya 45,659. Ikachukua 45,659, ikazidisha kwa elfu kumi. Hesabu sahihi kabisa! Hakuna karani Pemba nzima angezidisha vile kwa kupepesa jicho. Na hakuna karani Pemba nzima, hata awe mlevi wa usingizi, angeandika kwamba bibi muuza mikate ana hisa 45,659 kwenye sanduku la bati.

Nilieleza. Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikawaambia hata wenye kompyuta zao hukimbilia daftari: mwaka 1947 huko Harvard walimkuta nondo amebanwa ndani ya kompyuta, mdudu wa jamii ya hawa ambao viwavi wao wananitafunia vitambaa, na walipomtoa walimbandika wapi? Daftarini, kwa gundi ya karatasi, wakaandika na tarehe. Tarehe ya kweli, si nusu ya mtu. Wengi wakakubali tusome kaunta buku. Nimeisoma, buluu na nyekundu, ikatulia.

Bibi wa Mikate peke yake hakutulia. Wakati nasoma alishaupiga picha ule uso wa kompyuta kwa simu ya mjukuu wake. "Kalamu ni yako, Katibu," akanambia mbele ya watu, "unaandika unavyotaka. Mashine haina choyo." Tangu siku hiyo anakwenda nayo ile picha. Kwa muuza samaki kaonyesha. Kwa mwenye duka kaonyesha, naye, mwenye ulimi ule, safari hii alibabaika akampa sukari kilo mbili.

Jana kaja kwangu na mita nne za hariri, anataka gauni la kwendea harusini, la mikono mirefu na marinda. Nikampa bei, nikamwomba nusu ya ushoni kwanza. Akafungua pochi, akatoa simu, akaninyooshea.

"Kata humo, Katibu."

Nikachukua tepu, nikampima.