Taa Kung'ara Si Hoja, Mjusi wa Jangwa Anataka Jua

Wiki iliyopita kijana wa jirani hapa Tudor, Mombasa, alinipigia hodi, simu mkononi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Alikuwa na picha za taa mbili, moja ya wati 100 na nyingine ya wati 150, za mjusi wake. Akaniuliza ipi inang'ara zaidi. Nikamwambia akae kwanza, maana swali hilo hilo nililiuliza mimi, na jibu lake likamtia mjusi wangu maradhi ya mifupa.

Mjusi wangu anaitwa Shaibu. Ni mjusi ndevu, wale ambao asili yao ni nyika kavu za ndani ya Australia. Nilimpokea, pamoja na karatasi zake za kibali, kwa familia iliyokuwa ikihama Nyali. (Kibali si jambo la hiari. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakitaka, na mtu asiende kukamata mjusi kichakani akamtia ndani ya boksi.) Taa yake ya zamani ilikuwa imepasuka njiani, basi nikaenda mjini kutafuta nyingine. Duka moja wakaniuzia balbu ya buluu, boksi lake limechorwa jua na vilima vya mchanga. Muuzaji akaniapia kwamba ndiyo yenyewe. Nilipoiwasha usiku ule chumba kizima kiling'aa, nami nikalala nimeridhika.

Miezi minne baadaye Shaibu alikuwa akirukia nyenje na kumkosa. Vidole vyake vilitetemeka. Nikamshika, nikambonyeza taya kwa kidole gumba, taratibu, na taya likabonyea kama unavyobonyeza ncha ya sikio lako mwenyewe. Mfupa haufai kubonyea. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba mwili wake ulikuwa unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili damu isipungukiwe. Ile balbu ilitoa joto na rangi ya buluu, basi.

Mwanga anaouhitaji mjusi huyu kwa mifupa yake hauonekani kwa macho yetu. Ni ile sehemu ya miali ya urujuanimno iitwayo UVB, na mawimbi yanayofanya kazi ni ya nanomita 290 hadi 315 hivi. Yakigusa ngozi, hugeuza aina fulani ya kolesteroli iliyomo humo, kisha joto la mwili linaikamilisha kuwa vitamini D3. Ini na figo nazo zinafanya zamu yao, ndipo utumbo unaweza kufyonza kalsiamu sawasawa. Bila hiyo, unga wa kalsiamu unaowanyunyizia nyenje kila siku sehemu kubwa unapita tu. Unaweza kumpa D3 ya kopo, lakini ikizidi inamdhuru, ilhali ile ya ngozini haizidi: miali yenyewe huivunja ya ziada. Ndiyo maana naamini mwanga kuliko kopo.

Kwa hiyo wati hazikwambii kitu, na kung'ara hakukwambii kitu. Taa ya UVB inaweza kuwaka vizuri kabisa huku UVB yake imeshakwisha.

Maoni yangu kuhusu aina za taa ni haya. Zile balbu za kujisokota mwanga wake mzuri unaishia mahali padogo, mjusi akisogea kidogo hapati kitu, na mimi sizinunui. Zile za mvuke wa zebaki zinatoa joto na UVB kwa pamoja, na wenzetu wa nchi za baridi wanazipenda. Hapa kwetu, mwezi wa Februari, chumba kikiwa kimeshachemka kabla hujawasha chochote, huwezi kuzipunguza moto bila kuzivuruga. Nunua tyubu ndefu, ile nyembamba ya T5, yenye kibati cha kuakisi nyuma yake, ifike kama theluthi mbili ya urefu wa kibanda. Balbu ya joto iwe kando, uizime unapotaka.

Tyubu ikae juu, kamwe isiwe ubavuni, kwa sababu mjusi ana paji linalomkinga macho na jua la utosini, lakini hana kinga ya taa inayommulika usoni. Ukiiweka juu ya wavu, wavu unaweza kula theluthi ya nguvu yake au zaidi. Na umbali ndio kila kitu: ukiisogeza mbali kidogo tu, kinachomfikia kinapungua sana.

Mwaka 2010 mtafiti Ferguson na wenzake walichapisha vipimo vya jua walivyochukua pale pale mijusi walipokuwa wakiota porini, wakawagawa katika kanda nne. Mjusi ndevu huwekwa kanda ya tatu, wastani wa kipimo cha UV, yaani nguvu ya miali hiyo ya urujuanimno, 1.0 hadi 2.6. Dhabu, yule wa mkia wa miba ambaye waliosoma madrasa watamkumbuka kwenye hadithi, yuko kanda ya nne, 2.6 hadi 3.5. Wafugaji wengi wa mjusi ndevu wanalenga 3 au 4 pale juu ya jiwe la kuotea, na vivuli pembeni ili achague mwenyewe. Sasa linganisha na Mombasa: saa sita mchana kipimo chetu hupita 10 mara kwa mara.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaonukuu miongozo ya Ulaya neno kwa neno. Sisi tuna jua la bure juu ya dari. Niliazimwa kipimo cha mkononi, nikapanda nacho: saa mbili asubuhi kilisoma karibu 2, saa tatu kimeshapita 4. Tangu hapo Shaibu anapanda kila asubuhi isiyo na mvua, ndani ya kibanda cha wavu mtupu, nusu yake nimeifunika kwa kipande cha jamvi. Dakika ya kwanza anajilaza bapa kama chapati, mgongo unageuka mweusi autafute moto. Akishapata, rangi inarudi ya majani makavu, anaachama mdomo, na ukimwona hivyo ujue anataka kivuli. Anajitembeza mwenyewe mpaka chini ya jamvi. Nusu saa, tunashuka.

Usimtoe na tangi la kioo. Kioo juani ni tanuri, mnyama anakufa ukiwa bado unamimina chai. Na usimweke nyuma ya dirisha ukadhani ameota jua, kwani kioo cha dirisha kinazuia karibu UVB yote. Nimemwona rafiki mmoja wa Kizingo akifanya hivyo mwaka mzima kwa nia njema.

Lakini masika hayaniruhusu kupanda, na wenye kukaa Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambavyo jua linapita kama mgeni, hawana dari ya kupandia. Ndiyo maana tyubu ni lazima. Stima zikipotea siku moja, usihangaike, mifupa haiozi kwa siku moja.

Kijana aliniuliza kama taya la Shaibu limepona. Nikamtoa, nikamwacha ambonyeze mwenyewe. Ni gumu sasa, ila upande wa kushoto umebaki na kapindo kadogo ambako hakatanyooka. Kisha nikamwonyesha ncha ya tyubu nilipoandika kwa kalamu ya wino mwezi nilipoifunga. Mwezi ujao inatimiza mwaka, bado inawaka vizuri, na nyingine nimeshaiagiza.