Theluji ya Worcester haina namba moja

Mabishano ya Desemba hapa Worcester, Massachusetts, ni yale yale. Utabiri umesema inchi 3 hadi 6. Anayekaa juu karibu na uwanja wa ndege anazoa theluji ya magotini, wa katikati ya mji anakanyaga tope la mvua, na wote wawili wanamlaani mtabiri. Mimi namtetea mtabiri. Ugomvi wangu ni namna utabiri wenyewe unavyotangazwa.

Mji huu umekaa juu ya vilima. Jengo la manispaa liko karibu mita 150 juu ya usawa wa bahari; uwanja wa ndege, ambako hupimwa theluji rasmi ya mji, uko kama mita 300. Kwa mtu wa Kilimanjaro tofauti hiyo ni kichekesho, maana yeye akitoka Moshi mjini kupanda Marangu hubeba sweta bila kuambiwa. Lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita unayopanda, kwa hiyo kati ya manispaa na uwanja wa ndege ipo takriban nyuzi moja.

Kukiwa na baridi kali, nyuzi hiyo haina kazi. Dhoruba ya Januari 2015, iliyoangusha inchi 34.5 na kuweka rekodi ya Worcester, ilikuta baridi ya kutosha juu na chini. Kasheshe huanza kipimajoto kinapocheza kwenye sifuri. Hapo nyuzi moja ndiyo huamua kama theluji itakaa au itayeyuka kabla haijagusa lami.

Upepo nao una mkono wake. Ukivuma kutoka Atlantiki hulazimika kuvipanda vilima hivi, hewa ikapoa, na kinachonyesha kikaongezeka. Tena theluji inayoyeyuka angani hunyonya joto la hewa inayoizunguka, hivyo ikianguka kwa nguvu huweza kuishusha baridi hadi mabondeni. Ndiyo sababu saa 10 jioni ni mvua tupu, na saa 1 usiku magari yanateleza. Jaribu kukisia saa hiyo ya kugeuka kwa mahesabu ya kompyuta yanayoigawa nchi katika miraba ya kilomita 3, ambapo mraba mmoja humeza kilima pamoja na bonde lake!

Mwishoni mwa Oktoba 2011, miti ikiwa bado na majani, mji mdogo wa Peru kwenye vilima vya Berkshire ulipata inchi 32. Boston, iliyo pwani, iliambulia kidogo sana. Dhoruba ilikuwa moja, jimbo ni hilo hilo.

Sasa, huko Uswisi utabiri hutaja kimo ambacho theluji huanzia: juu ya mita 800, kwa mfano. Hata magharibi mwa Marekani hufanya hivyo. Kwa nini sisi tupewe namba moja ya mji mzima? Najua jibu: huku mashariki hewa ya vuguvugu huweza kupita juu huku baridi imenasa bondeni, ikanyesha mvua inayoganda ikigusa ardhi, na bonde likawa na hatari kuliko kilima. Usiku wa namna hiyo kimo cha theluji kingepotosha watu. Sawa, basi usiku huo kisitajwe. Siku nyingine kitajwe, na zitolewe namba mbili, ya kilimani na ya bondeni. Mhudumu wa wazee anayekaa chini mjini na kuingia zamu saa 1 asubuhi huko kilimani anahitaji kujua atakachokikuta anakokwenda. Dirisha lake halimwambii.

Habari hiyo ipo tayari. Watabiri wa idara ya hali ya hewa walioko Norton, mji wa jimbo hili hili, huandika maelezo marefu kila siku, na mara nyingi humo hutaja waziwazi kwamba sehemu za juu zitapata zaidi. Ningependa kujua ni nani huikata sentensi hiyo kabla haijafika kwenye televisheni.